Gurudumu Lenye Matundu Manane

Fundi wa mota alikuwa mwaminifu kwa shaba. Ukimpelekea mota iliyoungua aliitoa matumbo yote, akaisuka upya, na siku ya kuichukua alikukabidhi mkebe wenye waya wako wa zamani, hata vile vipande vya urefu wa kidole. Mafundi wengine wa Kiganjo huuza waya huo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna mteja anayeuliza. Yeye alisema shaba ni ya mwenye mota. Alisema hivyo mbele ya kibanda changu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, akiwa amejaa heshima zake. Na wakati huo huo alikuwa na gurudumu la cherehani ya marehemu mama yangu, ambalo aliliomba kwa siku mbili na akakaa nalo miaka mitatu.

Ninaandika polepole, kwa hiyo nimekuwa na muda wa kujiuliza kama mtu wa namna hiyo ni mwizi. Sijapata jibu, na hilo pia linanikasirisha.

Vibanda vyetu vilipakana, chake cha mota na changu cha nguo, tukitenganishwa na bati moja tu. Nilisikia nyundo yake, redio yake, na kikohozi chake cha asubuhi. Nilijua ameanza kupaka vanishi kwa sababu vitambaa vyangu vilinuka vanishi mpaka jioni. Nilimwita Guka, yaani babu, kama kila mtu wa pale. Yeye aliniita Kairetu, yaani msichana, hata baada ya mimi kuwa mtu mzima mwenye kibanda.

Alivaa koti la kaki lenye mfuko uliotoboka. Kila bisibisi aliyoitia humo ilipita na kuanguka chini. Nilimwambia, "Guka, mimi ni jirani na nina uzi, nipe huo mfuko niushone."

"Ukiushona nitasahau bisibisi iko wapi," akasema. "Hivi nikiisikia ikianguka, najua."

Alikuwa hivyo. Alikuwa na sababu ya kila kitu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri kiasi kwamba ulirudi kwako ukiwa umenyamaza.

Watu walimletea mota kutoka mashamba ya kahawa, kutoka visima vya maji, kutoka vinu vya unga vya Kiandutu. Kabla hajashika spana aliinusa. Siku moja jamaa mmoja alimletea mota ya kinu ikiwa bado na vumbi la unga.

"Hii ulikuwa unaisagisha bila kuipumzisha," Fundi akamwambia.

"Aka, Guka! Iliungua tu yenyewe."

"Mota haiungui yenyewe. Kuna mtu." Akanusa tena. "Na mtu mwenyewe alikuwa na haraka ya pesa."

Kisha akampa somo lililotufikia sisi sote mpaka kwa mama muuza mboga ng'ambo ya barabara. Alisema mota inakula stima. Alisema ukitaka ikufanyie kazi ya ng'ombe uilishe kama ng'ombe, na anayetaka kazi bila kulisha arudi nyumbani akalale. Yule jamaa aliinamisha kichwa.

Saa saba ilipofika, Fundi alifunga nusu ya mlango, akanywa chai yake, akafunua gunia lililokuwa kwenye benchi la nyuma, na akaanza kutengeneza mashine ambayo ingezunguka milele bila kulishwa chochote.

Nataka ieleweke vizuri. Hakuwa mtu asiyejua. Ni yeye aliyejua kuliko sisi wote, na ndiye aliyekaa pale miaka.

Mashine yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Gurudumu katikati, na sumaku nane zimefungwa kuzunguka ukingo wake. Kando yake fremu ya chuma yenye sumaku nyingine zilizowekwa kwa mshazari, ili zile za fremu zisukume zile za gurudumu, ya kwanza iipokeze ya pili, ya pili iipokeze ya tatu, na hivyo hivyo bila mwisho. Sumaku zote alizitoa kwenye spika za redio zilizokufa.

Niliwahi kumuuliza itazungushwa na nini. Akaweka sumaku moja kwenye kiganja changu na msumari juu yake. Msumari ukaruka, ukashika.

"Hii niliitoa kwa redio ambayo mwenyewe alishazikwa," akasema. "Bado inavuta. Haijawahi kupumzika hata siku moja. Sasa niambie, Kairetu, nani anailisha?"

Niliishia darasa la nane, na huko sumaku tulifundishwa siku moja tu, tukachora picha ya kiatu cha farasi, tukapita. Nilirudi kwenye nguo zangu nikijua amekosea na nisijue amekosea wapi. Hakuna kitu kinachochoma kama hicho.

Mbele ya uongo alikuwa mkali. Wakati fulani alikuja mtu mwenye shati zuri kutoka Thika mjini, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuitazama mashine kwa muda mrefu. Bati letu halizuii sauti, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee, hii kitu ni kubwa sana. Tuweke betri ndogo hapa chini, na kamota kadogo. Tunapiga video, watu wanakuja, wewe unapata wa kukusaidia umalize ile ya ukweli. Nani ataona?"

"Wewe utaona," Fundi akasema.

"Mimi ni mtu wako, mzee."

"Simama kidogo."

Yule mtu akasimama, akidhani wanaenda kupeana mikono. Fundi akachukua kile kiti, akakitoa nje hadi kando ya barabara, akarudi ndani na kuendelea kukwangua waya. Yule mtu aliendelea kuongea kidogo akiwa amesimama, halafu akaenda.

Nilitaka kumpigia makofi. Pia nilitaka kuingia na kumuuliza, kama unaujua uongo vizuri hivyo, siku mbili zangu ziko wapi? Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilikata kitambaa, na nikakikata vibaya.

Sasa niseme kuhusu gurudumu.

Cherehani ya mama ni ya miguu. Chini kuna gurudumu kubwa, mkanda unapanda mpaka gurudumu dogo la juu, lile la kuguswa kwa mkono, na hilo dogo likizunguka mara moja sindano inashuka na kupanda mara moja. Mama alikuwa na tabia yake. Alipofika mwisho wa mshono hakutazama. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, likasimama, na sindano daima ilikuwa juu, nje ya kitambaa. Mimi nikijaribu, mara nyingi sindano hubaki chini, na nikivuta nguo uzi unakatika. Aliniambia itakuja tu. Akafa kabla haijaja.

Fundi alikuwa akija na kikombe chake alasiri, anaegemea mlango wa kibanda hiki hiki, kilipokuwa bado cha mama, anatazama kiganja kile. Sikujua kwamba alichokuwa anatazama ni gurudumu.

Miezi minne baada ya mazishi alikuja kwangu. Aliongea taratibu, akiwa ameshika kofia.

"Kairetu, hii gurudumu haina upande mzito. Nimeiangalia miaka mingi. Zangu zote zina upande mzito, ndiyo zinasimama. Nipe siku mbili niijaribu."

"Na nitashona na nini, Guka?"

Akatoa nyuma ya mgongo gurudumu la mbao. Alikuwa amelichonga tayari, limelainishwa kwa msasa, lina hata mfereji wa mkanda. Maana yake ni kwamba alikuwa amelipima la mama bila mimi kujua, na alijua jibu langu kabla hajaniuliza. Mimi ni mtu wa kukubali. Kila mtu wa Kiganjo analijua hilo, na yeye alilijua zaidi ya wote. Nikasema sawa. Akalifungua mwenyewe, akalifuta kwa kitambaa, akalibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto kumpeleka kliniki.

Siku ya tatu nilisikia dreli.

Nilisimama upande wangu wa bati na kuhesabu matundu. Yalikuwa manane. Kila moja dreli ililia kwa sauti nyembamba, kisha ikatulia, kisha ikaanza tena. Ningeweza kupiga ukelele tundu la kwanza likiwa bado halijaisha. Nilisimama nikisubiri limalizike, la pili likaanza, na baada ya hapo ilionekana kama nimechelewa.

Gurudumu la mbao lilifanya kazi, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Lingevunjika ningekuwa na neno la kumwambia. Lilizunguka likiyumba, mkanda uliteleza, lakini nguo zilishonwa, kwa namna fulani. Kisha mvua ndefu zikaja, mbao ikanywa maji na kuvimba. Wiki hizo hizo mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu alinipa mashati kumi ya wanafunzi, ya kujaribu, ili akiridhika anipe ya shule nzima. Mama alikuwa ameisubiri kazi ya namna hiyo maisha yake yote. Nilishona siku nne. Mashono yaliruka. Niliyafumua, nikarudia, yakaruka tena. Yule mwalimu aliyashika mashati yangu kwenye mwanga, akavuta kola moja kidogo tu, nayo ikaachia.

"Msichana, mama yako hangeshona hivi."

Kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Nilimpelekea Guka lile shati, nikaliweka kwenye benchi lake juu ya waya zake. Akavaa miwani, akalichunguza shono kwa muda.

"Mbao imenywa maji," akasema. "Lete niikwangue."

"Na ile ya chuma?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Imebaki kidogo tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Imebaki kidogo. Aliyasema kwangu, kwa mwanawe kwenye simu, kwa wenye mota zilizokuwa zimekaa miezi bila kusukwa, kwa mchungaji aliyemuuliza mbona haonekani ibadani. Sikuwahi kumsikia akisema imekataa. Mota za watu wengine zilikataa, na alisema hivyo bila aibu: peleka hii kwa chuma chakavu, imekataa. Yake ilikuwa imebaki kidogo.

Vijana wa boda boda walikuwa na steji mbele yetu, na walipokosa abiria yeye ndiye alikuwa mchezo wao.

"Guka, niaje! Injini ya mbinguni imewaka?"

"Bado."

"Sasa ikianza na haisimamangi, utaizima aje?"

Wakacheka. Lakini Fundi hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akafikiri, na siku iliyofuata akaanza kutengeneza breki. Alitengeneza breki nzuri sana, ya ngozi na springi, yenye kishikio chekundu, akaifunga kwenye mashine ambayo haijawahi kutembea. Ilimchukua wiki tatu. Gurudumu langu lilikuwa limefungwa breki, na mimi nilikuwa nashona kwa mbao.

Baada ya breki aliwaita watu. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alitoa benchi nje kwenye jua, akazima swichi kuu ya kibanda ili mtu asiseme ni stima, akageuza mifuko ya koti lake nje, ule mzima na ule uliotoboka. Vijana wa boda boda walikuja wote, na mama wa mboga, na watoto. Nilisimama nyuma. Hapo ndipo nilipoliona gurudumu la mama kwa mara ya kwanza tangu lichukuliwe. Lilikuwa na sumaku nane kama vifungo, na alama ya rangi nyekundu ukingoni.

Alilisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili, likisema trrr, trrr. Watu walisogea karibu, na nasema kweli, hata mimi nilisogea. Mara ya tatu likapunguza mwendo, ile alama nyekundu ikapanda taratibu hadi juu, gurudumu likasita, likarudi nyuma kidogo, likatikisika, likasimama alama ikiwa juu. Akalisukuma tena. Likasimama alama ikiwa juu tena. Akalisukuma kwa nguvu zaidi. Pale pale.

"Guka, imepaki!" mmoja akapiga kelele.

"Iwekee gia!"

"Na hakuna haja ya breki!"

Kicheko kikalipuka, na mimi pia nikacheka. Sikukusudia. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka shingoni, na ilipotafuta mahali pa kutokea ilitoka kama kicheko, kikubwa kuliko cha wote. Aliinua macho. Hakuwatazama wale vijana. Alinitazama mimi, muda mfupi, kisha akafunika benchi kwa gunia.

Nawachukia wale vijana kwa siku ile. Kila mmoja wao alikuwa ametengenezewa pikipiki yake na mikono ile, na wengine bure. Lakini wao walikuwa wanamcheka kila siku, na yeye alikuwa amezoea. Mimi nilikuwa jirani. Baada ya pale ningemdai vipi gurudumu? Nikanyamaza mwaka mwingine mzima.

Macho yake yakaanza kuisha. Alisuka mota kwa kupapasa, halafu akawa hasuki tena. Jumapili moja nikiwa kanisani, mwanawe alikuja na pikapu kutoka Ruiru, akampakia yeye na vyombo vyake. Niliporudi nilikuta kibanda kitupu na mkebe mmoja mlangoni umefungwa kwa kamba. Nilidhani ni gurudumu. Ulikuwa na waya wa shaba, ule wa kamba ya pasi ya mama aliyoitengeneza zamani tulipokuwa bado hatujajuana vizuri, na mama akasahau kuuchukua. Alikuwa ameutunza miaka yote hiyo ili aurudishe. Niliupiga teke ule mkebe, ukaviringika hadi barabarani, na nikaenda kuuokota kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Nilikaa miezi saba na hasira hiyo. Kisha nikauliza mahali anapokaa, nikaambiwa Gitothua, huko huko Ruiru, nyumba yenye geti la bluu karibu na duka la mbao. Nilifunga kibanda siku ya kazi na kwenda.

Mkaza mwanawe alinifungulia geti akiwa na mtoto mgongoni. "Wewe ndiye wa cherehani?" akauliza kabla sijajitambulisha. "Ingia. Anakutajanga."

Alikuwa ameketi kwenye baraza juani, na mashine iko mbele yake kwenye stuli. Alikuwa amekonda. Kidole kimoja kilikuwa juu ya gurudumu, kikilisukuma, kikisubiri, kikilisukuma tena. Trrr, trrr, kimya.

"Kairetu," akasema. Sijui alijuaje. Labda ni miguu.

"Guka, nimekuja kuchukua gurudumu."

"Imebaki kidogo t—"

"Hakuna kidogo!"

Mtoto akaanza kulia mgongoni mwa mamake. Sikuwahi kuisikia sauti yangu ikiwa hivyo, na haikutaka kusimama. Nilimwambia haitazunguka. Nilimwambia hata mimi wa darasa la nane ninajua, na yeye aliyekuwa anawafundisha watu kwamba mota inakula alijua kabla yangu, kila siku, akinywa chai. Nilimwambia kuhusu mashati kumi na yale maneno ya mwalimu mkuu. Nilimwambia nilihesabu matundu. Nilimwambia aseme tu imekataa, mara moja, nami nitaenda hata bila gurudumu.

Alisubiri mtoto abembelezwe. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ile alama nyekundu ambayo hakuweza tena kuiona.

"Spana kumi na tatu," akasema. "Iko kwa koti."

Koti la kaki lilikuwa limetundikwa msumarini. Nikachukua spana, nikaishika nati ya katikati, nikavuta. Haikusogea. Nikavuta kwa mikono miwili huku stuli ikicheza, machozi yananitoka, yaani hata hii nati inanikatalia.

"Inafunguka kinyume," akasema. "Niliikata hivyo, isije ikajilegeza yenyewe ikizunguka miaka mingi."

Nikageuza upande mwingine. Ikafunguka kirahisi. Haikuwa imewahi kupata sababu ya kujilegeza.

Yeye akaishika fremu isinianguke miguuni, nami nikachomoa gurudumu. Akaliomba. Nikasita, kisha nikampa. Akalilaza mapajani na kuzing'oa sumaku kwa kupapasa, moja moja, akizitia kwenye kikombe. Saba. Ya nane aliijaribu kwa kucha, kwa bisibisi, kisha akaiacha.

"Hii imeshika. Usiigonge, utapasua gurudumu." Akanirudishia. "Mama yako alikuwa anasimamisha sindano juu kila mara. Kwa kiganja tu. Sijaona mashine ya mtu mwingine ikitii hivyo."

Hakuomba msamaha. Hakusema imekataa. Niliondoka nimelifunga gurudumu kwenye leso, na nilipofika getini nikasikia kidole chake kikigonga ile stuli tupu.

Jioni ile ile nililirudisha mahali pake na kulitupa lile la mbao. Nikatia kitambaa, nikakanyaga. Lilizunguka bila kuyumba, na mashono yalikaa mstari mmoja, madogo, kama ya mama. Nilipoondoa mguu lilisimama lenyewe. Sumaku ile moja ilipofika karibu na shingo ya chuma ya cherehani ilishika. Sindano ilibaki chini, ndani ya nguo. Nikakanyaga tena, ikasimama pale pale, chini. Nikamtukana kwa sauti, peke yangu kibandani.

Kisha nikalegeza kifungo cha kati kinacholibana gurudumu kwenye mhimili wake, nikaligeuza gurudumu peke yake nusu mzunguko, sindano isisogee, nikakaza.

Bado nina hasira naye. Mwalimu mkuu hajarudi, na yale matundu saba huwa yanavuma kidogo nikishona kwa kasi. Mara mbili nimeshika bisibisi ili niitoe ile sumaku, na mara mbili nimeirudisha mfukoni. Nikifika mwisho wa mshono naondoa mguu, sigusi kitu. Gurudumu linapunguza mwendo, linasita, linarudi nyuma kidogo, linasimama. Sindano iko juu.